Heko, Watafiti wa Kigali

Mapafu yanapojaa majimaji ghafla kwa sababu ya nimonia, ajali au sumu ya maambukizi kwenye damu, mgonjwa huzama akiwa kitandani. Madaktari wa Denver, Marekani, waliyaeleza maradhi haya mwaka 1967 kutokana na wagonjwa 12. Vigezo vya Berlin vya 2012 vya kuyatambua vikadai picha ya kifua, kipimo cha damu ya mshipa wa ateri na mashine ya kupumulia. Hospitali ngapi za kwetu zina vyote hivyo?

Ndipo ninapowapongeza kwa moyo wote watafiti waliofanya kazi Kigali. Walitumia kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, na ultrasaundi badala ya eksirei pale ilipokosekana. Sharti la mashine wakaliondoa. Matokeo yao yalichapishwa 2016: kati ya wagonjwa 1,046 wa hospitali moja, 42 walikuwa na maradhi haya. Kwa vigezo vya Berlin, hakuna hata mmoja! Watu hao walikuwapo siku zote, wakihema mbele ya wauguzi, ila hawakuhesabiwa. Mwaka 2023, wataalamu wa dunia walipotoa ufafanuzi mpya wa maradhi haya, waliingiza njia hiyo ya Kigali.