Radhi Tano za Mwana Kupona: Usomaji wa Mfiwa

Utendi wa Mwana Kupona ni miongoni mwa tungo ambazo sisi wa mwambao hudhani tumekwisha kuzijua. Ulitungwa mwaka 1858. Mtunzi, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa kitandani na ugonjwa uliokwisha timiza mwaka, akamwita binti yake, Mwana Hashima, akae karibu naye na wino na karatasi. Miaka kama miwili baadaye alifariki. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, waliupa kwa Kiingereza anwani inayoueleza kuwa ni mawaidha juu ya wajibu wa mke, na mjadala ukabaki hapo: huyu akiusifu kuwa ni chuo cha adabu, yule akiulaumu kuwa ni pingu. Nami nilikuwa upande wa wenye kulaumu.

Marehemu mama yangu alikuwa na mazoea ya kuughani huku akisuka ukili. Nikimshika kwa hoja, hakunijibu. Aliendelea na ubeti uliofuata. Baada ya arobaini yake nilikifungua kitabu, nikitafuta sauti yake zaidi kuliko maana. Nikagundua kwamba nilikuwa nimeusoma nusu.

Mtunzi hasemi radhi moja, anasema radhi tano: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, kisha ya mume. Ni kweli kwamba ya tano ndiyo aliyoikariri mno, na mwenyewe anakiri hivyo. Lakini anayeanza kwa kusema baba na mama, naye ni mama anayeaga, hasemi fundisho tupu. Anamwekea binti yake neno la kushika siku mama atakapokuwa hayupo wa kuombwa radhi.

Zaidi ya hayo, katikati ya wasia mna tanzia. Historia inamjua Bwana Mataka kwa vita: katika miaka ya 1840 Siyu yake ililishinda jeshi la Seyyid Said wa Unguja. Katika utendi huu vita hivyo havimo. Yumo mume aliyeishi na mkewe kwa furaha pasi na kuvunjiana heshima, na ambaye saa yake ilipofika alimkariria mkewe radhi. Mjane anasema tangu siku hiyo hajanyamaza kulia. Na anachokililia si cheo wala ushindi, bali ni raha ya kuwa pamoja na wingi wa kuzoeana. Bwana Mataka alikuwa amefariki mwaka 1856. Basi Mwana Hashima, katika utungo mmoja, alirithishwa wazazi wawili: baba akumbukwavyo na mama, na mama akijiandaa kukumbukwa.

Umbo nalo linasaidia. Kina cha bahari, kinachofunga kila ubeti, ni -ia, sauti ile ile tuisikiayo katika vitenzi vya kutendea: kuambia, kulilia. Sikio likizoea, kila ubeti huishia kama jambo linalofanywa kwa ajili ya mtu. Na mara kwa mara mtunzi anamwita bintiye "mama", kama wafanyavyo wazazi wetu hadi leo. Mfiwa akifika kwenye neno hilo husita: ni nani anayeita, na ni nani anayeitwa?

Hata ile dua ndefu ya mwishoni, ambayo zamani niliiona inauchosha utendi, sasa naiona ndiyo inayoubeba. Mtu aliyemaliza kuusia, na asiyeweza tena kulinda, hana la kufanya ila kuwakabidhi wanawe kwa Mola.

Sisemi kwamba msiba umeyafuta maswali yangu. Beti za utiifu zimebaki nzito, na msichana wa leo ana haki ya kuzijadili. Ila azijadili akijua kwamba aliyezisema alikuwa akizungumza kutokana na ndoa yake mwenyewe, iliyofungwa kwa radhi, na kwamba alichotamani ni bintiye apate kama alichokipata yeye. Hilo mama yangu alilijua, na ndiyo maana hakubishana nami. Alinisomea tu.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu, waliotangulia zamani na waliotangulia juzi.