Majina ya Waliouawa: Simulizi ya Kua na Filamu ya Call Me Kuchu

Kisiwani Mafia husimuliwa kwamba watu wa Kisimani waliwalaza watoto wa Kua mchangani, wakashusha jahazi baharini juu ya miili yao. Miaka kadhaa baadaye, watu wa Kua waliwaalika harusini, wakawafungia chumbani chini ya ardhi hadi wakafa. Simulizi hiyo imehifadhi kisasi. Majina ya watoto yamepotea. Kwa kigezo hicho inafaa kupimwa filamu ya Katherine Fairfax Wright na Malika Zouhali-Worrall (2012) kuhusu David Kato, mwanaharakati mtangulizi wa haki za wapenzi wa jinsia moja nchini Uganda.

Oktoba 2010, gazeti la Rolling Stone la Kampala lilichapisha majina na picha za watu liliodai ni wapenzi wa jinsia moja, likihimiza wanyongwe. Tarehe 3 Januari 2011, Kato na wenzake wawili walilishinda gazeti hilo Mahakama Kuu. Tarehe 26 aliuawa kwa nyundo nyumbani kwake Mukono. Muuaji alifungwa miaka 30, lakini adhabu hiyo haikuugusa uchochezi uliotangulia.

Filamu inaliziba pengo hilo kwa mpangilio wake. Inamwonesha kwanza Kato akiwa hai, kazini na mahakamani, hata mtazamaji anapofika mazishini, ambako mhubiri aliwalaani wenzake mbele ya jeneza, tayari anamjua aliyeuawa na anazijua kauli zilizomtangulia muuaji. Hivyo filamu inadai haki bila kudai kisasi, jambo ambalo simulizi ya Kua haikuliweza.