Theluthi Iliyotoweka: Namna Imani ya Watanzania Inavyopimwa kwa Dodoso

Sensa ya Agosti 1967, iliyohesabu watu milioni 12.3 Bara na Zanzibar, ndiyo sensa ya mwisho nchini Tanzania kuuliza dini ya mtu, na matokeo yake yaliwagawa wananchi katika mafungu matatu yaliyokaribiana kwa ukubwa: Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi, kila fungu likiwa takribani theluthi ya wote. Miaka 40 na ushei baadaye, kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichapisha mwaka 2010 matokeo ya mahojiano ya ana kwa ana zaidi ya 25,000 yaliyofanyika katika nchi 19 za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo kwa sampuli ya watu takribani 1,500, na humo Wakristo wakawa asilimia 60, Waislamu 36, huku wafuasi wa dini za jadi wakibaki asilimia chache tu. Ukisoma jedwali hilo peke yake utasema kwamba theluthi nzima ya taifa imetoweka. Dodoso lile lile, hata hivyo, liliuliza pia kama sadaka kwa mizimu au kwa wahenga inaweza kumkinga mtu na madhara, na Watanzania takribani 6 kati ya 10 wakakubali. Lilipouliza kama uchawi upo, asilimia 93 wakajibu kwamba upo.

Ni kweli kwamba kati ya sensa ile na utafiti huu watu wengi walibatizwa na wengine kusilimu, na hakuna mtafiti makini anayelikana hilo. Lakini kubatizwa na kusilimu peke yake hakuwezi kueleza jinsi imani iliyobaki na wafuasi wachache tu katika jedwali moja ilivyopata wengi wa wahojiwa katika jedwali la pili. Sehemu kubwa ya jibu imo katika umbo la swali. Utafiti wa dini hupima mambo matatu tofauti ambayo magazeti huyachanganya: unasibisho, yaani jina la dini ambalo mtu hujitambulisha nalo, ibada, yaani yale anayoyatenda na mara ngapi anayatenda, na itikadi, yaani yale anayoyasadiki kuwa kweli. Swali la unasibisho humtaka mhojiwa achague jibu moja na kuyaacha mengine, kwa hiyo mtu mwenye dini ya kanisani au msikitini na mila ya nyumbani hulazimika kutaja moja, na karibu kila mara hutaja ile yenye cheti, jina la ubatizo na mahali pa kuzikiwa.

Bonde la Kilombero linaonyesha jambo hilo kwa uwazi usio wa kawaida. Wakapuchini kutoka Uswisi walianza kazi katika eneo la Mahenge na Ifakara mwaka 1921, wakajenga shule na hospitali pamoja na parokia. Jimbo la Mahenge likaundwa mwaka 1964 na jimbo la Ifakara likakatwa kutoka humo mwaka 2012, na Mbingu, kata iliyo kando ya barabara ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba chini ya milima ya Udzungwa, inajulikana kwa nyumba yake ya masista. Mahali ambapo kwa vizazi kadhaa njia ya kwenda darasani na zahanati ilipita uani kwa misheni, kujitaja kuwa Mkatoliki ni jibu la kweli kabisa. Ila mwanaanthropolojia Maia Green, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu Wapogoro wa Ulanga, ng'ambo ya mto Kilombero, alieleza waumini haohao wakifanya matambiko ya wahenga na wakienda kwa waganga wanaowanyoa watu nywele ili kuondoa uchawi. Swali lenye nafasi ya jibu moja halina mahali pa kuandika maisha ya namna hiyo, na si haki kuyaita unafiki.

Upande wa Waislamu una ugumu wake. Pew iliweka hirizi na vitu vingine vya kinga katika kundi la imani za jadi za Kiafrika, lakini Mwislamu wa Ifakara anayekunywa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani, au anayevaa hirizi yenye aya ndani yake, huona kwamba anatenda jambo la dini yake, ingawa masheikh wengine watampinga vikali. Mwenye kupanga majibu ofisini huamua ugomvi huo bila kujua, kwa kuchagua safu ya jedwali tu.

Baada ya swali huja sampuli, na hapa uchambuzi unastahili kwenda polepole, kwa sababu makosa yake hayaonekani kwa msomaji. Afrobarometer, ambayo imekuwa ikihoji Watanzania tangu mwaka 2001 na ambayo huuliza dini katika dodoso lake, kwa kawaida huchukua watu 2,400 wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Nchi hugawanywa kwa mikoa na kwa mjini na vijijini. Kisha maeneo ya kuhesabia watu, yaani vipande vidogo vya ramani ambavyo karani mmoja wa sensa hupewa, huchaguliwa kwa bahati nasibu kwa kuzingatia idadi ya wakazi. Halafu katika kila eneo huhojiwa watu 8, wanaume na wanawake kwa zamu, nyumba zikichaguliwa kwa kuruka idadi maalumu na mhojiwa akipatikana kwa kura ndani ya kaya. Watu 2,400 katika mafungu ya 8 ni maeneo 300 kwa nchi nzima.

Utaratibu huu ni mzuri kwa maoni kuhusu bei au uchaguzi, lakini dini ni kitu kinachokaa kijiji kwa kijiji. Mhojiwa wa kwanza katika kijiji kilichozaliwa kandokando ya misheni akijibu kwamba ni Mkatoliki, saba wanaofuata hawaongezi habari nyingi mpya. Watakwimu hupima hali hiyo kwa kiwango cha kufanana ndani ya eneo: tukichukua, kwa ajili ya hesabu tu, kiwango cha 0.4, basi mtawanyiko wa makadirio huzidishwa mara 1 + (7 × 0.4), yaani mara 3.8, na sampuli ya watu 2,400 huwa na nguvu ya watu wapatao 630 waliochaguliwa mmojammoja. Ukingo wa makosa unaotangazwa kuwa asilimia 2 juu au chini hukaribia 4. Ubishi wa hadharani kuhusu nani ni wengi nchini mara nyingi hugombania tofauti ndogo zinazomezwa na ukingo huo.

Kwa kiwango cha wilaya hali ni ngumu zaidi. Wilaya ya Kilombero ilikuwa na wakazi zaidi kidogo ya 400,000 katika sensa ya 2012, yaani karibu asilimia 0.9 ya taifa, kwa hiyo fungu lake katika sampuli ya watu 2,400 ni kama wahojiwa 22, au maeneo matatu. Mbingu inaweza kuhojiwa mara moja katika miongo kadhaa au isihojiwe kamwe, na yeyote anayenukuu asilimia ya dini za bonde hilo kutoka utafiti wa kitaifa ananukuu kitu ambacho utafiti huo haukukipima.

Fremu ya sampuli, yaani orodha ya maeneo yanayochaguliwa, nayo hutoka katika sensa na huzeeka. Sensa ya Agosti 2012 iliwakuta bondeni wafugaji wengi, Wasukuma wakiwamo, na miezi michache baadaye operesheni ya serikali ikawaondoa wengi wao pamoja na mifugo yao. Msimu pia una lake: wakulima wa mpunga huhamia mashambani mvua zinapoanza na kukaa katika vibanda mbali na kijiji hadi mavuno, hivyo mhojaji anayebisha hodi wakati huo hukutana zaidi na walimu, wenye maduka na watumishi wa misheni kuliko na wale ambao matambiko ya shamba ni sehemu ya kazi yao.

Linabaki suala la nani anauliza. Afrobarometer humaliza mahojiano kwa kumuuliza mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma wahojaji, na wengi hutaja serikali, jambo linaloonyesha kwamba majibu hutolewa mbele ya mgeni anayehisiwa kuwa na mamlaka. Marekani, mwaka 1993, watafiti Hadaway, Marler na Chaves walilinganisha madai ya kwenda kanisani na idadi halisi ya waliohudhuria, wakakuta mahudhurio ni karibu nusu ya yaliyodaiwa. Hesabu ya aina hiyo inawezekana kabisa katika parokia na misikiti ya Kilombero. Kwa mambo ya siri zaidi, kama kwenda kwa mganga, ipo mbinu ya orodha: nusu ya wahojiwa husomewa sentensi nne, nusu nyingine hizohizo pamoja na ya tano yenye jambo nyeti, na kila mmoja hutaja idadi tu ya zinazomhusu; tofauti ya wastani wa makundi hayo mawili ndiyo makadirio, na hakuna aliyejifichua.

Mwaka 2012 baadhi ya taasisi za Kiislamu zilitaka swali la dini lirudishwe katika sensa na kuwahimiza waumini waisusie, nayo serikali ikakataa. Dai la kutaka takwimu lilikuwa halali, lakini sensa isingemaliza ubishi, kwani humo msemaji mmoja wa kaya huwajibia wote, na kinachoandikwa ni jina la dini la nyumba. Kenya huuliza swali hilo, na sensa yake ya 2019 ilipata watu 755,750 wasio na dini. Lakini sensa hiyo nayo inaeleza majina, haielezi wanachosadiki watu.

Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 bila swali la dini. Kwa hiyo kila asilimia ya dini za Watanzania inayochapishwa leo ni makadirio, yawe ya sampuli au ya mtu mezani, na msomaji ana haki ya kumdai mwandishi wake maneno kamili ya swali, idadi ya maeneo yaliyotembelewa na mwezi wa mahojiano kabla ya kuikubali.