Miji Mikuu Hamsini na Swali la Mjukuu

Mtu aliyeshika chaki kwa karibu miaka arobaini haachi kukagua madaftari kwa sababu tu ameagwa kwa soda na hotuba. Akimwona mtoto ana karatasi mkononi, atataka kujua imeandikwa nini, na je, inafaa? Basi mwaka 2019, nilipokwenda kumtembelea binti yangu katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani, nilimkuta mjukuu wangu amekaa mezani na pakiti ya kadi hamsini. Upande mmoja wa kila kadi pameandikwa jina la jimbo, na upande wa pili mji wake mkuu. Mwalimu wao aliwapa majuma matatu. Baada ya hapo wangefanya jaribio: taja miji mikuu yote 50, kwa tahajia sahihi.

Ni kadi hizo ninazotaka kuzihakiki hapa. Najua msomaji atatabasamu. Lakini riwaya za watu wazima zina wahakiki tele, na husomwa mara moja tu kisha zikawekwa rafuni. Kadi ya mtoto haina mhakiki hata mmoja, ilhali yenyewe husomwa mara mia na hukaa kichwani mpaka uzeeni.

Chuoni, tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha, kanuni yetu ilikuwa kuanza na mazuri. Nami nitaanza nayo. Kadi ile inamlazimisha mtoto kukumbuka. Hilo si jambo dogo. Kulitazama jibu na kulitoa kichwani ni kazi mbili tofauti. Mwanachuo anayesoma daftari lake mara kumi bila kulifunga hudhani anajua, mpaka siku ya mtihani imwaibishe. Kadi haimwachi mtu ajidanganye hivyo. Tena ni ndogo, inakaa mfukoni, na mtoto anaweza kujipima mwenyewe kwa dakika tano akisubiri chai. Zana nyingi za gharama nilizopata kuziona hazifiki hapo.

Wapo watakaosema kwamba kukariri kwenyewe ndiko kosa. Nimeyasikia hayo tangu nikiwa kijana. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alikemea elimu inayomfanya mtu aabudu kitabu, na wengi wetu tukaielewa nusu: tukadhani kila kilichokaririwa ni ukasuku. Siku hizi hoja imepata silaha mpya. Vijana huniambia, "Mzee, simu inajua yote, ya nini kujitesa?" Jibu langu ni kwamba simu hujibu aliyeuliza, na haulizi asiye na kitu kichwani. Nitalithibitisha hilo kwa kisa cha mjukuu wangu.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni mpangilio. Kadi zilipangwa kwa alfabeti, basi Alabama ikafuatana na Alaska. Katika pakiti ni majirani wa kitanda kimoja. Katika dunia, Alabama iko kusini kabisa, karibu na Ghuba ya Mexico, na Alaska iko kaskazini kabisa, imetengwa na wenzake na nchi nzima ya Kanada. Mtoto anayesoma Montgomery kisha Juneau amesafiri maelfu ya kilometa bila kujua kwamba ametoka nyumbani. Alfabeti ni mlinzi mzuri wa kamusi, lakini katika jiografia ni mgeni asiyejua njia.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kadi inasema ni upi, haisemi kwa nini. Siku ya tano mjukuu wangu alisimama kwenye kadi ya Illinois. Wazazi wake waliwahi kumpeleka Chicago, akayaona majengo yale na ziwa lile. Kadi ikamwambia Springfield. Akaigeuza mara mbili, kisha akaniuliza, "Babu, kwa nini si Chicago?"

Naona aibu kueleza jibu lililonijia mdomoni. Nilitaka kusema, "Kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Kariri." Sikulitamka, kwa kuwa nililitambua. Nilikwisha kulitumia kabla, na lilinigharimu.

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la tano, kabla sijaingia katika kazi ya kufundisha walimu. Kila Ijumaa nilikuwa na zoezi la miji: Ruvuma, wanajibu Songea, Rukwa, Sumbawanga, Mara, Musoma. Aliyekosea alipata fimbo mbili. Siku moja nikauliza mji mkuu wa Tanzania. Kijana mmoja mdogo, mtoto wa fundi baiskeli, akasimama na kujibu, "Dodoma." Darasa zima likacheka. Kitabu kilisema Dar es Salaam. Nami nilijua fika alikolitoa jibu lake. Mwaka mmoja nyuma, 1973, TANU ilikuwa imeamua makao makuu yahamie Dodoma katika muda wa miaka kumi, na nyumbani kwao palikuwa na redio. Uamuzi huo mimi mwenyewe niliufundisha katika somo la Siasa. Lakini hilo lilikuwa somo jingine, na Ijumaa ilikuwa ya Jiografia. Alipokwisha kupokea fimbo zake mbili akauliza kwa heshima zote, "Mwalimu, kwa nini wanahamia huko?" Nikamwambia akae chini. Mwaka ule wote hakunyoosha mkono tena.

Bunge lilipopitisha mwaka 2018 sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi, wenzangu walizungumzia viwanja na bei za nyumba. Mimi nilimkumbuka mtoto wa fundi baiskeli. Sikupata kumwomba radhi.

Basi nikamwambia mjukuu wangu, "Mama, babu hajui. Twende tukatafute." Namwita mama kwa sababu amerithi jina la mama yangu. Tukaenda maktaba ya mji, tukaazima atlasi na vitabu vitatu vya historia. Nikuambie, msomaji, kwamba katika uzee wangu sijapata juma la masomo kama lile.

Tuligundua kwamba Springfield ilichaguliwa mwaka 1837, na miongoni mwa wabunge wa jimbo walioipigania alikuwa kijana aitwaye Abraham Lincoln. Chicago mwaka huo huo ndiyo kwanza imepewa hadhi ya jiji, ina watu wapatao 4,000 tu. Iko pembeni kabisa mwa jimbo, kaskazini mashariki, nayo Springfield iko katikati. Mjukuu wangu akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo Chicago alikuwa bado mtoto." Ndivyo hasa.

Tukaendelea. Florida ilikuwa na miji miwili ya maana, Pensacola magharibi na St. Augustine mashariki, na watu wa baraza walichoka kusafiri kutoka mmoja kwenda mwingine. Mwaka 1824 ikachaguliwa Tallahassee, katikati ya njia. Michigan iliondoa makao yake Detroit mwaka 1847 na kuyapeleka Lansing, ndani zaidi ya nchi, kwani Detroit imetazamana na Kanada ng'ambo ya mto, na Waingereza waliokuwa wakiitawala Kanada walikuwa wamepata kuiteka katika vita. Na Columbus, mji ule ule tuliokuwemo? Ohio ilianza na Chillicothe mwaka 1803, ikahamia Zanesville, ikarudi Chillicothe. Mwisho, mwaka 1812, wakakubaliana kujenga mji mpya katikati ya jimbo, kando ya mto Scioto. Serikali ikahamia mwaka 1816.

Hapo nilifunga kitabu. Mji uliopandwa katikati ili pasiwe na upande wa kulalamika: si ndiyo Dodoma hiyo? Mtoto wangu wa 1974 aliuliza swali ambalo watu wa Ohio walikwisha kulijibu zaidi ya miaka mia moja na hamsini kabla yake, na ambalo Malawi ilikuwa karibu kulijibu kwa kuhama Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975, na Nigeria kwa kuhama Lagos kwenda Abuja mwaka 1991. Kila mji mkuu ni jibu la ugomvi fulani wa zamani. Kadi imehifadhi jibu, ikautupa ugomvi. Ndiyo maana haishikiki kichwani.

Mfano mmoja zaidi. Kadi ya South Dakota inasema Pierre. Mimi nililisoma Kifaransa, mjukuu akanicheka: wenyeji hulitamka karibu kabisa na "pia" yetu. Tangu hapo hatukusahau. Nikimtajia South Dakota anajibu, "Na North Dakota pia!" Lakini hiyo ilikuwa mzaha, na mzaha ni kamba nzuri ya kufungia jina, si maarifa. Mji mkuu wa North Dakota ni Bismarck. Hapo babu akapata nafasi yake. Nilimweleza kwamba Bismarck alikuwa mkuu wa serikali ya Ujerumani wakati Wajerumani walipoitwaa nchi yetu mwaka 1885, na kwamba kule Mwanza, ndani ya ziwa, lipo jiwe kubwa watu waliloliita kwa jina lake. Kitabu kikatupa upande wa pili: mji ule wa Dakota ulipewa jina hilo mwaka 1873 ili kuwavutia matajiri wa Ujerumani waweke fedha zao katika reli. Mtu mmoja, jina lake liko Mwanza na liko Dakota, pande zote mbili kwa sababu za nguvu na fedha. Kadi ile ikawa dirisha.

Sasa narudi kwenye hoja ya simu. Mjukuu wangu aliuliza habari za Chicago kwa sababu alikuwa amekwisha kuweka kichwani miji ipatayo kumi na mitano, akaanza kuona kitu: miji aliyoijua kwa sifa haimo. California si Los Angeles, ni Sacramento. New York si New York, ni Albany. Kati ya majimbo 50, hayafiki 20 ambayo mji wake mkuu ndio mji wenye watu wengi kuliko yote jimboni. Jambo hilo halionekani kwa anayetafuta mji mmoja mmoja simuni. Linaonekana pale majina mengi yanapokaa pamoja ndani ya kichwa kimoja na kuanza kugongana. Kukariri ndiko kulikozaa swali. Kosa la walimu wa aina yangu halikuwa kukaririsha. Lilikuwa kulipiga swali lililozaliwa.

Jaribio likafika. Alipata 47. Alikosa herufi katika Montpelier na katika Tallahassee, na akaisahau kabisa Dover. Mwalimu alimwandikia "vizuri" na kurudisha karatasi. Hakumuuliza habari ya Springfield, wala simlaumu, maana nilimfahamu vyema kuliko alivyodhani. Ana watoto wengi, na jedwali la masomo halingoji. Lakini nisemavyo ni hivi: alama 47 zilipima kadi, hazikupima juma lile la maktaba.

Je, kadi zitupwe? La hasha. Ningetaka mambo matatu tu. Kwanza, zitolewe kwenye alfabeti. Mtoto azitandaze sakafuni kama ramani, Ohio ikae kando ya Indiana, na Alaska iende ikalale peke yake mlangoni. Pili, kila kadi iwe na mstari mmoja wa sababu: katikati ya njia, mgodi wa dhahabu, hofu ya adui, wivu wa miji miwili. Tatu, katika kila pakiti iwepo kadi moja tupu, ya kuandikia swali ambalo mwalimu hana jibu lake.

Na hayo nawaambia walimu wa kwetu vile vile. Mimi nilikaririsha mikoa. Sasa kuna Manyara tangu 2002, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu tangu 2012, na Songwe tangu 2016. Jirani zetu wa Burundi wamehamishia makao yao makuu ya kisiasa Gitega tangu 2019. Aliyeshika orodha tu amebaki nyuma na orodha yake. Aliyefundishwa kwa nini mkoa hugawanywa na mji mkuu huhamishwa, akisikia habari mpya redioni atajua pa kuiweka.

Niliporudi nyumbani mjukuu alinipa kadi moja niende nayo. Nilidhani atachagua Ohio. Alinipa iliyo tupu, aliyoikata mwenyewe kwenye karatasi ngumu. Upande mmoja ameandika "Tanzania". Upande wa pili, badala ya jina la mji, ameandika, "Kwa nini Dodoma?" Nimeiweka ndani ya daftari langu la zamani la mahudhurio, lile la mwaka 1974.