Picha za Kimachinga

Kitabu cha Henri Cartier-Bresson cha mwaka 1952 kina majina mawili, na majina hayo hayasemi kitu kimoja. Toleo la Kifaransa linaitwa Images à la sauvette. La Marekani, la mwaka huohuo, linaitwa The Decisive Moment. Hilo la pili ndilo lililoshinda. Kaa na wapiga picha wa mitaani, Dar au Nairobi, dakika tano haziishi kabla hujasikia habari za "ule wakati wenyewe", kana kwamba wakati unaelea hewani ukimngoja mwenye jicho.

Jina hilo la Kiingereza halikutokana na lile la Kifaransa. Kitabu kinafunguliwa kwa maneno ya Kadinali de Retz, mwanasiasa wa Ufaransa wa karne ya 17, kwamba kila jambo duniani lina wakati wake wa kuamuliwa. Mchapishaji wa Marekani akayaona, akayapandisha jaladani. À la sauvette ni jambo jingine kabisa. Hadi leo Wafaransa husema hivyo juu ya biashara ya mtu asiye na kibali: kitambaa kimetandazwa chini, jicho moja kwa mteja, jicho jingine kwa askari. Neno lake sisi tunalo. Mimi ningekiita Picha za Kimachinga, na sitanii.

Maana machinga hachagui bidhaa kama mwenye duka. Anachagua inayobebeka, inayokunjika, ambayo mgambo wakitokea anaikusanya kwa mkono mmoja na kuondoka. Hapo ndipo ninapogombana na wengi walioandika juu ya kitabu hiki. Wameandika jicho, wameandika jiometri, wameandika Zen. Mkono hawautaji. Sasa mtu unaelezaje picha za kimachinga bila kuuliza mzigo ulikuwa na uzito gani?

Mzigo wenyewe ni huu. Cartier-Bresson alianza kutumia Leica mwaka 1932, na maisha yake yote alibaki na lenzi ya mm 50. Elmar ya enzi zile, yenye mwanya wa 3.5, ina uzito wa gramu mia na kidogo, na ukimaliza kazi unaisukuma ndani ya kamera kama darubini ya baharia. Inaingia mfuko wa koti. Kwenye pete yake kuna kijiti kidogo cha kusukuma kwa kidole. Mtu akikizoea hahitaji kusoma namba: kijiti kikiwa hapa ni mita moja na nusu, kikiwa pale ni mita tatu. Kidole kinajua kabla ya jicho.

Kamera za aina hii, za kipima-umbali, hazina kioo ndani kama zile kubwa za waandishi wa habari. Unachungulia kidirisha kilicho pembeni, humo kati unaona taswira mbili za kitu kimoja, unazungusha pete ya lenzi mpaka zishikane. Basi. Ndiyo maana lenzi inaweza kukaa karibu na filamu na kuwa ndogo, na ndiyo maana inalazimika kuwa ndogo: ikinenepa inaziba kona ya kidirisha. Leo Leica hiyohiyo inatengeneza Summicron ya mm 50 yenye gramu 240, na pia Noctilux ya 0.95 yenye gramu 700, karibu mara tatu, kwa urefu uleule wa fokasi. Noctilux inaona gizani, sibishi. Lakini ukiifungua yote na kumpiga mtu aliye mita moja mbele yako, kinachotoka kikali ni kama sentimita mbili tu. Jicho kali, sikio limeyeyuka. Pete inabidi izunguke taratibu na mbali. Huo ni mzigo wa mwenye duka.

Tofauti ya gramu mia nne na kitu inaweza kuonekana ndogo kwa anayesoma tu. Mimi pia nilidhani hivyo, nilipoanza kwa lenzi kuukuu ya kufunga kwa nyuzi za parafujo, nyepesi, safi kioo chake. Ubaya wake ulikuwa grisi. Fundi mmoja aliifungua kabla yangu akapaka grisi ambayo nadhani ilikuwa ya baiskeli. Kwenye joto la Dar ilizunguka kwa kinyongo. Nikaenda nayo Njombe mwezi wa saba.

Baba alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo, saa moja na nusu asubuhi, ukungu haujaondoka. Anapofanya kazi hiyo midomo yake inasogea. Anahesabu au anaongea na watu ambao hawapo, sijui. Nikainua kamera, nikazungusha pete. Haikusogea. Nikakaza. Ikasogea, lakini si pete: lenzi nzima ilikuwa inafunguka kutoka kwenye kamera, nyuzi zikilia krr, krr. Akainua kichwa. "Aa, ungeniambia mwanangu. Ngoja nikae vizuri." Ungo chini, kofia kichwani, mikono magotini. Nilipiga. Ni picha nzuri ya pasipoti.

Lenzi niliipeleka kwa fundi mwingine, ikasafishwa, ikapakwa grisi nyepesi. Sasa inazunguka kwa ncha ya kidole, bila kulegea. Aliyekuwa mgumu sasa ni baba. Nikitoa kamera tu, anatafuta kofia.

Kwa hiyo nikisoma kwamba wakati "hutokea" na msanii "huunasa", najua kuna kitu kimerukwa. Chukua picha ya nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, ya 1932, mtu anaruka dimbwi kisigino kikiwa bado hakijagusa maji. Ndiyo picha inayotolewa ushahidi kila mara. Cartier-Bresson mwenyewe alieleza kwamba alipenyeza kamera katikati ya mbao za uzio, na nafasi haikuitosha lenzi vizuri, ndiyo sababu upande wa kushoto ukaja kukatwa. Alipoulizwa kama alimwona yule mtu akiruka, alikiri kwamba hakumwona, ilikuwa bahati. Bahati sawa, lakini ingepitaje pale kama lenzi ingekuwa nene kama kopo la maziwa? Upana wa ufa na upana wa lenzi viliamua kabla ya mtu kuruka.

Kuna pingamizi, na linatoka kwetu. Picha ambayo Cartier-Bresson alisema ndiyo iliyomwasha haikupigwa na Leica. Ni ya Martin Munkácsi, Mhungari aliyetokea kwenye picha za michezo: wavulana watatu wanakimbilia mawimbi ya Ziwa Tanganyika, karibu na 1930. Baadhi ya vitabu vimeiandika Liberia. Wapiga picha wa magazeti wa kizazi chake walifanya kazi na makamera makubwa ya sahani, na bado miguu ile imesimama hewani, povu limetawanyika, kila kiungo mahali pake. Hoja yangu ya gramu inayumba hapa, nakubali.

Haianguki, lakini. Mpiga picha wa michezo anajua mpira utaenda wapi. Anaweka fokasi mapema anangoja. Na Leica ya mtaani hutumika hivyohivyo: mm 50, mwanya wa 8, pete kwenye mita nne, na kuanzia kama mita tatu hadi sita na nusu kila kitu ni kikali bila kugusa tena. Uwepesi unabadilisha mahali unapoweza kusimama. Nimeitazama ile picha ya Tanganyika mara nyingi, na ninachoona ni migongo. Wavulana wanaondoka kwa mpiga picha. Majina yao hatunayo. Cartier-Bresson alijifunza furaha yao, kisha akachukua chombo kilichomruhusu kuingia mbele ya watu, kwenye nyuso, akiwa amezifunika sehemu zinazong'aa za kamera yake kwa rangi nyeusi au utepe mweusi asionekane.

Steidl walikirudisha kitabu mwaka 2014, jaladani mchoro uleule wa Matisse, na toleo la Kiingereza limebaki na jina lake la ushindi. Kina urefu wa sentimita 37. Nilikisoma nimesimama, kimelazwa mezani, nikigeuza kurasa kwa mikono miwili. Kwenye daladala hakipandi.