Brutus kwa Nathari, Antoni kwa Ushairi

Katika Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare iliyochezwa London mwaka 1599, umati uleule unageuzwa nia mara mbili mbele ya maiti ya Kaizari. Brutus, mmoja wa wauaji wake, anaanza. Shakespeare anampa nathari: sentensi fupi zilizopangwa mbili mbili, kila moja ikijibu mwenzake. Umati unamshangilia. Kisha anakuja Antoni, rafiki wa marehemu, na ushairi usio na vina, mstari wa silabi kumi na mapigo matano. Anawapa wauaji sifa moja tu, na kila akitoa ushahidi unaoikanusha anairudia, mpaka sifa inakuwa tusi naye hajamtukana mtu. Analia, ananyamaza, anataja wosia wa Kaizari na kukataa kuusoma, anashuka awaoneshe vazi lililotobolewa. Drakma 75 ambazo wosia unampa kila raia anazitaja mwishoni, watu wameshawaka.

Nyerere aliichapisha tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia hii mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, akaisahihisha mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Ugumu ulikuwa kwenye sauti. Mstari wa Shakespeare kwa kawaida hufunga kwa silabi yenye mkazo. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo mstari hutua polepole. Hata hivyo hakukimbilia vina vya shairi letu, na aliamua vyema: vina vingemfanya Antoni asikike kama malenga anayeghani, na machozi yake yasingeaminika. Marudio yanatosha kuibeba hotuba, nayo Kiswahili kinayamudu.

Sisi wa Goma tuna chombo kingine cha kutofautisha sauti za wasemaji: kubadili lugha. Mwanzoni mwa tamthilia fundi viatu anajibu kwa nathari ya mtaani, Marullus, afisa wa Roma, anamkemea kwa ushairi. Nani hapa asiyeisikia tofauti hiyo? Kifaransa cha ofisini, Kiswahili bora cha mahubiri, na kile cha soko la Virunga chenye batu na batoto badala ya watu na watoto. Kikundi kitakachoigiza hotuba hizi hapa kimpe Brutus Kiswahili bora tangu mwanzo hadi mwisho. Antoni naye aanze nacho, maana anasema kwa ruhusa ya Brutus na umati bado unamshuku. Ahamie Kiswahili cha sokoni pale anaposhuka na watu kumzunguka, vazi likiwa mkononi. Akiwahi kabla ya hapo, ataonekana anajipendekeza, na fundi viatu atakuwa wa kwanza kumzomea.