Nile Aliyejifunika Uso

Hongera za Gian Lorenzo Bernini hazijachelewa. Chemchemi yake ya Mito Minne, pale Piazza Navona, Roma, ilizinduliwa mwaka 1651 kwa amri ya Papa Innocent X. Wenyeji walinung'unika, na haki walikuwa nayo: mkate unatozwa kodi, fedha zinaishia kwenye mawe.

Lakini mawe hayo! Fundi aliutoboa mwamba katikati ukawa pango wazi pande zote, kisha akasimamisha mnara mzito wa itale juu ya uwazi huo. Ukiutazama unaona kama utakuangukia.

Pembeni wameketi majitu manne ya marumaru: Danube, Ganges, Río de la Plata na Nile. Mimi macho yangu ni kwa Nile wetu. Kichwa kimegubikwa shuka la jiwe, kwa kuwa Ulaya ya siku hizo haikujua maji yake yanaanzia wapi. (Watu wa Jinja walikuwa wakiyachota kila asubuhi, hakuna aliyewauliza. Mpelelezi Mwingereza Speke alifika huko mwaka 1862.) Wapiga soga husema amejifunika asilione kanisa la mbele yake, kazi ya Borromini, hasimu wa Bernini. Soga tamu, ila kanisa lilianza kujengwa mwaka 1652, chemchemi ikiwa tayari inatiririka.

Chini, mahali wengi hawainami kutazama, simba ametoka pangoni kando ya mtende, kichwa chini, anakunywa.